Kuishi botini Matema: namna ya kulala juu ya Ziwa Nyasa na kuutembea mji mchana

Watu wengi wa Mbeya na Iringa wakishuka Matema hulala gesti, huoga ziwani mara mbili tatu, hula samaki wa kukaanga, kisha hupanda gari kurudi kwenye baridi yao. Si vibaya. Lakini Matema, wilayani Kyela, ni mji mdogo uliogeuza uso wake majini. Samaki wake, vyungu vyake, wageni wake na hata habari za msiba kutoka vijiji vya milimani huingia kwa boti na mtumbwi. Ukilala juu ya maji siku nne au tano, unakuwa pale mambo yanapofikia. Mwongozo huu ni wa mtu asiye na boti yake wala ujuzi wa ubaharia, anayetaka kufanya hivyo pamoja na familia au marafiki wachache.

Jambo moja ulishike kabla ya mengine yote: ratiba ni ya upepo. Anayekuja na ratiba yake ya Jumatatu hadi Ijumaa, saa kwa saa, ndiye anayewaingiza wenzake hatarini.

Anza na mwezi, boti baadaye

Ziwa Nyasa lina urefu wa kilomita zipatazo 580. Limekaa wima kutoka kusini kwenda kaskazini, jembamba kwa kulinganisha na urefu wake, na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini. Upepo wa kusini unaposhika, hausukumi mawimbi kwa kilomita kumi au ishirini tu. Unayasukuma ziwa zima, nayo hukua kadiri yanavyosafiri, hadi kufika Matema yana nguvu ya kupindua mtumbwi karibu kabisa na mchanga. Wavuvi huuita mwera. Msimu wake ni kuanzia Mei hadi Agosti, na ukianza unaweza kuvuma siku kadhaa bila kupumzika.

Hapo ndipo wageni wengi hukosea hesabu, maana miezi hiyo ni mikavu, watoto wana likizo ya Juni, na ukiwa Mbeya mjini anga ni safi kabisa. Kwa kulala gesti ni miezi mizuri. Kwa kulala botini naishauri kila familia iiache. Machi hadi Mei nayo iache, kwa sababu Kyela na Rungwe ni kati ya sehemu zinazonyeshewa sana nchini, na turubai haliwezi kuzuia mvua ya namna ile usiku kucha. Inabaki Septemba na Oktoba, na mwanzo wa Novemba kama mvua zimechelewa. Maji yametulia, joto limepanda, na milima ya Livingstone huonekana vizuri asubuhi kabla ya ukungu wa joto.

Ukishapata mwezi wa kalenda, tazama mwezi wa angani. Dagaa wa Nyasa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na sola. Ukipanga safari kwenye siku za mwezi mwandamo, utalala ukiona taa zimetapakaa ziwani, na alfajiri dagaa wabichi watapita ubavuni mwa boti yako. Ukienda mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote huwa jeupe na zuri, lakini dagaa ni haba. Mimi huchagua giza.

Kupata boti na nahodha

Usitegemee boti ya kitalii yenye vyumba na vitanda. Kinachopatikana ni boti za mbao zenye injini ya kupachika nyuma, zile zinazobeba abiria, mahindi, sukari na vyungu kati ya Matema na vijiji vilivyo chini ya milima ya Livingstone, ambako vingi havifikiki kwa gari. Boti ya urefu wa mita nane hadi kumi inatosha watu wanne, nahodha na msaidizi wake, pamoja na mizigo.

Usikodi kwa kijana anayekukimbilia ulipoegesha gari. Nenda ofisi ya kijiji, au kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, yaani pale boti na samaki wanapofikia. Eleza unachotaka, uliza ni nani anayelala ziwani mara kwa mara, na uliza leseni ya chombo. Vyombo vidogo vya majini vinasimamiwa na TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, na nahodha mwenye leseni hachukii kuulizwa. Anayekasirika umemjua.

Kisha iangalie boti ikiwa imevutwa mchangani. Omba mbao za sakafu zifunguliwe utazame ngamani. Maji kidogo kwenye boti ya mbao ni kawaida, lakini kama yanafika juu ya kifundo cha mguu asubuhi baada ya kukumbwa jioni, kalafati, ile pamba inayoziba mianya ya mbao, imechoka. Chukua ncha ya ufunguo ubonyeze mbao karibu na mkuku, ule mti mkuu wa chini ya boti, na pale upande wa nyuma injini inapofungwa. Mbao nzima hukataa. Iliyooza hupokea ufunguo. Injini iwashwe ikiwa ya baridi, boti ikiwa majini, na utazame maji ya kupooza yakitoka pembeni mfululizo bila kukatika. Yakidondoka dondoka, injini hiyo itachemka ukiwa mbali. Uliza injini ya akiba. Kama haipo, makasia yawepo, na yawe ya kutosha kuisogeza boti kweli.

Nanga ziwe mbili. Jaketi okozi liwe moja kwa kila kichwa, na la mtoto liwe la mtoto, maana la mtu mzima humtoka mtoto kichwani akitumbukia. Nimeona majaketi yakigeuzwa mito ya kukalia safari nzima. Yavaliwe.

Makubaliano yaandikwe kwenye karatasi mbele ya kiongozi wa mwalo: siku ngapi, watu wangapi, petroli na oili ya kuchanganya nani ananunua, chakula cha nahodha na msaidizi nani anatoa. Mafuta yahesabiwe peke yake, yasiingizwe kwenye bei ya siku, kwa sababu ndiyo gharama kubwa na ndiyo huleta ugomvi. Na weka kifungu hiki: siku ambayo nahodha atasema ziwa limekataa, atalipwa kama kawaida. Mgeni asiyetaka kulipia siku ya kusubiri humfanya nahodha atoke kwenye mawimbi ili asipoteze riziki ya watoto wake. Fedha hiyo ya siku moja ni nafuu kuliko chochote kingine utakachonunua safarini.

Kununua vitu kabla ya kushuka

Gawa manunuzi kwa tabianchi. Vya baridi nunua juu: viazi mviringo, karoti, kabichi, vitunguu na maharage chukua Mwanjelwa au Soweto pale Mbeya, kwa sababu Kyela vinafika vimechoka na bei imepanda. Ndizi nunua Tukuyu njiani. Mchele usibebe hata kilo. Unakwenda kwenye shina la mchele wenyewe, na mchele wa Kyela ukinunuliwa Ipinda una harufu ambayo gunia la mjini limeshaipoteza. Mawese, maembe yakiwa msimuni, na samaki, vyote viko chini.

Toa pesa taslimu Mbeya, Tukuyu au Kyela mjini. Mawakala wa simu wapo hadi Matema, ila siku ya soko pesa huwaishia mapema.

Njia yenyewe haina shida. Kutoka Mbeya unapitia Uyole, unashuka Kiwira na Tukuyu, kisha unakata kupitia Ipinda hadi Matema kwa lami. Kutoka Mbeya mjini hadi ziwani unashuka zaidi ya mita 1,200 kwa mwinuko, kwa hiyo sweta ulilolihitaji Isyonje, kwenye baridi ya njiani, litakuwa mzigo saa mbili baadaye. Ila usiliache. Usiku botini hewa inayoteremka milimani ni baridi.

Kuigeuza boti ya mizigo kuwa nyumba

Tandika mbao juu ya mihimili ili sakafu iwe sawa, weka magodoro membamba ya sponji yaliyofungwa kwenye nailoni, kisha funga turubai juu ya mti uliolazwa kutoka mbele hadi nyuma. Turubai lisishuke hadi ubavuni pande zote mbili. Ukilifunga kote, upepo mdogo tu utaikamata boti na kuivuta nanga. Acha upande wa ziwa wazi, uteremshe turubai upande wa mvua pekee.

Chandarua ni lazima. Kyela iko chini, kuna joto na maji, na malaria ni ya kweli huko, hata kwa mtu wa Makete au Mufindi ambaye kwao mbu hawamsumbui. Kuna pia wadudu wadogo wa ziwa wanaopaa kwa wingi hadi kuonekana kwa mbali kama nguzo ya moshi inayotembea juu ya maji. Hawaumi. Lakini wakielekea kwenu, zimeni taa zote, mfunike chakula na msubiri wapite, kwa sababu hufuata mwanga na huingia mpaka kwenye chai.

Jiko la mkaa lisiwashwe botini. Boti ina madumu ya petroli na mbao iliyolowa mafuta miaka na miaka. Pikeni ufukweni kwa mafiga, jazeni chupa za chai na hotipoti, mle juu ya maji kama mnataka. Maji ya kunywa yachemshwe, au beba madumu ya lita ishirini kutoka Kyela.

Sasa choo, na hapa naomba usikilize kwa makini. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto Shire kule Malawi. Sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kukauka juani, na uchafu haukauki ukaenda nao. Unachokitupa Matema kinabaki, na akina mama wanachota maji ya kupikia kwenye ufukwe huohuo kila asubuhi. Beba ndoo yenye mfuniko unaobana, weka majivu au pumba za mbao ndani, kila mtu akimaliza anamwaga kopo moja la majivu juu. Asubuhi ndoo inapelekwa kwenye choo cha nchi kavu kwa makubaliano na mwenye choo, pamoja na kitu kidogo cha shukrani. Sabuni nayo iende nchi kavu: chota maji, ogea mbali na ukingo, maji machafu yanywe mchanga.

Kutia nanga

Chini ya milima ya Livingstone mwamba huteremka majini vilevile unavyoonekana ukiteremka angani. Kina kikubwa cha ziwa hili ni karibu mita 700, na sehemu nyingine ukitoka ukingoni kidogo tu kamba yako yote haigusi chini. Usijaribu kulala huko kwa sababu tu ni pazuri. Matema yenyewe ina mchanga, kwani mito imekuwa ikishusha udongo hapo tangu zamani, na mchanga hushika nanga vizuri.

Tafuta kina cha maji cha mara mbili ya urefu wa mtu. Toa kamba ndefu, angalau mara tano ya kina hicho, maana nanga hushika inapovutwa ikiwa imelala chini, na kamba fupi huing'oa. Boti ikishatulia, tazama vitu viwili nchi kavu vilivyojipanga, mti na kona ya paa kwa mfano. Vikiachana na boti haijageuka tu kwa upepo, nanga inatambaa. Mfundishe hata mtoto wa miaka kumi alama hizo. Watoto ndio huziangalia zaidi.

Uliza nahodha analaza wapi boti yake akiwa peke yake, na ulale hapohapo. Akisema usiku huu tuivute mchangani, saidia kuvuta, mlale ufukweni chini ya turubai lenu. Mdomo wa mto Lufilyo, magharibi mwa mji, uuepuke kwa kulala, kuoga na kufua. Mamba na viboko wako huko. Swali la "hapa kuna mamba?" liulize kwa wenyeji kila unapohamia, kwa sababu wao wanajua wiki hii yuko wapi.

Usiku nahodha au msaidizi wake abaki botini daima. Nyavu na taa za wavuvi zipisheni. Msizikate kwa injini gizani.

Siku moja inavyokwenda

Amkeni saa kumi na moja. Mitumbwi ya dagaa inarudi, na mwalo unaanza kuchangamka. Dagaa huuzwa kwa sado au ndoo. Wabichi ung'avu wake ni kama fedha na macho yao ni meusi, na wakishapigwa na jua kidogo ung'avu hupotea. Nunua mapema, osha, kaanga na chumvi tupu. Mbasa, yule samaki mwenye umbo refu ambaye hupanda mitoni kutaga mayai, ni wa mchana. Mchome kwa makaa ufukweni, mle na ndizi.

Kama kuna pa kwenda kwa boti, ondokeni alfajiri hiyohiyo na mfike kabla ya saa nne. Baada ya hapo upepo wa mchana huanza, na saa za mchana ni za nchi kavu. Rudini botini jioni maji yakilala. Hata Oktoba fuateni hivyo.

Kabla ya kutoka kwenda mbali, angalia utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, kisha uliza wavuvi. Wakitofautiana, wafuate wavuvi. Na msivuke kwenda upande wa Malawi kwa kunogewa na maji. Kuvuka mpaka kunapitia uhamiaji, na boti ya kukodi yenye magodoro haieleweki kwa askari wa doria.

Kuutembea mji na mialo

Ukishuka mchangani asubuhi, salimia kwanza. Kwa Wanyakyusa "mugonile" kwa mkubwa au kwa wengi hufungua mlango kuliko noti yoyote, na "ndaga" baada ya kusaidiwa. Vaa nguo ukitoka majini. Ufukwe ni wa kuogelea, lakini pia ndiyo barabara ya watu kwenda kanisani, hospitali na sokoni. Wamisionari wa Kijerumani waliingia hapa mwishoni mwa karne ya 19, na Walutheri bado wana hospitali Matema pamoja na nyumba za wageni ufukweni, jambo zuri kulijua kama mtoto amepata homa usiku.

Panga siku zako ziikute Jumamosi. Siku hiyo Lyulilo, kama kilomita mbili mashariki mwa Matema ukifuata ufukwe, kuna soko la vyungu. Vyungu hivyo vinatoka Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichojitokeza majini mbele zaidi, na wafinyanzi ni akina mama. Vinakuja kwa mitumbwi, vimepangwa kimoja ndani ya kingine, na vingi husafirishwa hadi Mbeya na Dar es Salaam. Wewe mwenye boti una bahati: nenda Ikombe Ijumaa alfajiri, uwaone wakifinyanga. Mama hufinyanga kwa mikono yake, mmoja ndani ukisukuma, mwingine nje ukipokea, na ukuta wa udongo unapanda huku unasawazika. Usimpige picha kabla hujaomba, wala usibishane bei kama ya viatu vya mtumba. Chungu kimoja kimepita kuchimba udongo, kukanda, kukausha, kupamba na kuchoma, na huko kwenye kuchoma vingine hupasuka.

Ukinunua, kigonge kwa kucha. Kizima hulia, chenye ufa husema kifupi na kunyamaza. Kisha kijaze maji ukisubiri dakika chache na kupapasa kitako.

Kati ya Lyulilo na Ikombe ukingo ni wa mawe, na hapo vaa miwani ya kuogelea uingize uso majini. Samaki wadogo wa buluu, njano na mistari wanaouzwa ng'ambo kama mapambo wako hapo, mita moja tu chini yako. Ziwa hili lina mamia ya aina za samaki wa jamii hiyo, na wengi hawapatikani popote pengine duniani. Wengine huishi kwenye kipande kimoja tu cha mawe, kwa sababu hawathubutu kuvuka mchanga ulio wazi kwenda kwenye mawe ya jirani, na kwa karne nyingi kila kundi limekuwa na rangi zake. Majike wengi hubeba mayai na vifaranga mdomoni. Ukitulia bila kupiga miguu utaona mmoja aliyefura shavu asiyekula chochote wakati wenzake wanakwangua mwani. Mwonyeshe mtoto.

Kwenye vilima nyuma ya mji kuna maporomoko ya maji na njia za miguu zinazopanda kuelekea Kitulo. Chukua kijana wa kijijini akuongoze, ondoka mapema, beba maji. Na kama hamu ya ziwa haijaisha, kuna meli: MV Mbeya II, inayobeba abiria 200, ilijengwa kwa ajili ya safari za upande wetu wa ziwa kutoka Kyela hadi Mbamba Bay. Ratiba yake hubadilika, kwa hiyo uliza kwenye bandari za Kyela, Kiwira au Itungi, kabla ya kupanga.

Kumaliza

Mlipe nahodha mbele ya yule kiongozi aliyeshuhudia karatasi, mafuta yaliyobaki muachie. Pakia vyungu vikiwa vimejazwa majani makavu ya migomba ndani na katikati, vikiwa vimesimama kwa mdomo, na usiviweke juu ya tairi la nyuma la gari.

Kichocho kipo Ziwa Nyasa, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye nyasi ambako konokono wake huishi. Hata kwenye mchanga ulio wazi usijione salama, na waliolala botini hukanyaga kila mahali. Wiki sita hadi nane baada ya kurudi, wapeleke wote waliokuwemo wakapimwe, pamoja na wasiojisikia vibaya. Dawa yake ni praziquantel, na hospitali itatoa dozi kwa uzito wa kila mtu. Homa ikitokea kabla ya hapo, usisubiri wiki hizo: nenda kapime malaria siku hiyohiyo, na umwambie mganga ulikuwa Kyela.